Kambale na tilapia katika bwawa moja dogo: tuulizwe kwanza

Leo naomba tuzungumze habari ya samaki, maana samaki wamegombanisha watu.

Katika kijiji kimoja cha teritwari ya Kalehe nilikuta watu wamesimama kando ya bwawa lililokaushwa. Ni bwawa dogo, ari moja tu, yaani mita 10 kwa mita 10. Lilichimbwa na familia mbili: moja ya wenyeji, nyingine ya wahami waliokimbia vita na kupokelewa hapo. Miezi saba kabla walikuwa wamepewa vifaranga wa samaki, zaidi ya 300 kwa hesabu yao. Siku ya kuvua walitoa kambale 16, wanene kama mkono wa mtu, na tilapia 9. Basi.

Mwenye shamba aliangalia beseni, akamgeukia mama wa ile familia ya wahami, akasema mbele ya watu wote: «Batoto benu njo baliiba samaki.» Mama hakujibu. Kijana wake wa miaka 11, ambaye ndiye alikuwa akileta majani ya kulisha samaki kila asubuhi, aliondoka pale akikimbia.

Mimi nasema hakuna mtoto aliyeiba. Niliuliza vifaranga walikujaje, nikaambiwa: kwa bidoni, kambale na tilapia pamoja, siku moja, na kambale walikuwa tayari warefu kuliko tilapia. Kwangu hapo kesi imekwisha. Kambale ana mdomo mpana, huwinda usiku kwa masharubu yake hata kwenye maji ya tope, na samaki anayeingia mdomoni mwake humezwa mzima. Haachi mfupa, haachi magamba, hakuna mzoga unaoelea asubuhi. Mtu anayepita kando ya bwawa anaona maji yametulia na anafikiri wote wamo. Akikosa chakula, kambale humla hata kambale mwenzake aliye mdogo. Na usiku wa mvua kubwa anaweza kutoka majini akajikokota kwenye majani mabichi hadi mtoni, kwa sababu anaweza kupumua hewa kama sisi. Ongeza ndege wala samaki na fisi maji. Kabla ya kufika kwa mtoto wa watu, kuna wezi wengi wa kuhoji.

Wenye kugawa samaki hao wana maelezo yao, na nayatoa hapa kwa haki. Wanasema walitoa aina mbili ili moja ikishindwa nyingine ibaki. Si wazo baya. Tena ni kweli kwamba tilapia peke yake ana shida yake, na wengi wetu tumeiona: unaweka 200, baada ya miezi sita unavua 1,000, wote wadogo kama vidole. Tilapia huanza kuzaa mapema, akiwa na miezi mitatu au minne kwenye maji ya joto. Jike hutunza mayai na watoto mdomoni mwake, na muda huo wote karibu hali kitu, kwa hiyo hanenepi. Watoto nao wanakula chakula cha wazazi. Bwawa linajaa, sahani inabaki tupu.

Hapo ndipo kambale ana kazi yake. Anakula wale watoto wa tilapia, wakubwa wanapata nafasi na chakula, na mwishoni unavua samaki wa aina mbili wanaofaa kuuzwa. Lakini kazi hiyo ina utaratibu. Tilapia wanatangulia. Katika ari moja, kwa familia isiyonunua chakula cha samaki, 200 wanatosha kabisa. Unawaacha wakue mwezi mmoja na nusu au miwili, mpaka uone wale wadogo sana, watoto wao, wakicheza kando ya maji. Ndipo unaleta kambale, wadogo kuliko tilapia wako, wasioweza kuwameza, na wachache: 10, wasizidi 20. Ukiwaleta kambale wakubwa, au ukiwaleta siku moja na tilapia wadogo, umeweka fisi na mbuzi katika zizi moja.

Na kama bwawa ni dogo kuliko hapo, la mita 4 kwa 5 nyuma ya nyumba, maoni yangu ni kuweka aina moja tu. Najua wengine watabisha. Kambale anakua haraka, anavumilia maji mabaya, na bei yake sokoni ni nzuri. Lakini kambale hazai kirahisi ndani ya bwawa, kila mara utarudi kununua vifaranga wapya, na anataka chakula chenye nguvu: mchwa, damu, mabaki ya samaki. Tilapia anakula majani, pumba, na kile kijani kinachoota majini ukitia mbolea ya mbuzi, na mbegu ya msimu ujao anakupa mwenyewe bure. Mtu aliyefika na godoro kichwani hana feza ya kununua vifaranga mara mbili kwa mwaka. Kwake mimi nachagua tilapia, hata kama ni wadogo. Akiwa na subira anaweza kutenganisha madume na majike wakifikia gramu 30 hivi, kwa kutazama chini ya tumbo: dume ana matundu mawili, jike matatu. Madume peke yao hunenepa vizuri. Macho mazuri yanahitajika, na mwanzoni utakosea.

Kwa wale wa kule juu milimani, hesabu ni nyingine. Maji yakiwa chini ya digrii 20 tilapia hakui vizuri, na miezi saba haitoshi. Hilo nalo halisemwi siku ya kugawa.

Sisi wa kando ya Ziwa Kivu hatuna sababu ya kusahau kwamba samaki wanachaguliwa. Hawa sambaza tunaokula kila siku hawakuwa wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, kwa sababu katikati ya Kivu hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vya majini. Wakapata nafasi isiyo na mwenyewe, na wale samaki wakubwa wanaowawinda kule Tanganyika hawakuja nao. Kwenye Ziwa Victoria waliweka sangara, naye akala samaki wadogo wengi wa asili, aina nyingine hazijaonekana tena. Ziwa zima linaweza kugeuka hivyo. Sembuse ari moja ya tope.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo. Anayekuja na bidoni ya samaki aulize kwanza: bwawa lina ukubwa gani, maji yanatoka wapi, nani atalisha na kwa kitu gani, na samaki gani wamo tayari. Kambale abebwe katika bidoni yake na aje siku yake. Na siku ya kuweka samaki, familia zote mbili zisimame pale, zihesabu pamoja, ziandike kwenye karatasi moja. Sisi wenyewe tuchuje kwa wavu, tusiite tu wingi baraka. Bwawa la pamoja likikosa hesabu, anayelaumiwa kwanza ni yule asiye na shamba.

Nilimweleza mwenye shamba haya yote, nikampasulia kambale mmoja mbele yake. Tumboni mlikuwa na tilapia mdogo, mzima, bado ana mapezi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema bwawa litajazwa tena, na safari hii tilapia watangulie. Kwa yule mama alipeleka kambale wawili jioni hiyo. Neno la kuomba msamaha sijasikia kama alilisema, na nilipopita tena wiki iliyofuata, majani yalikuwa yanaletwa na mtu mwingine.