UCHAMBUZI: Kutangulia si kufika, na kitendawili cha wadakaji wa Giants

KATIKA kipindi cha miaka 12, kati ya 2008 na 2020, klabu ya besiboli ya San Francisco Giants nchini Marekani ilitumia nafasi tatu za duru ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji chipukizi kusaka mtu wa kazi moja tu: mdakaji.

Wa kwanza aliiletea klabu mataji matatu. Wa pili alionyeshwa mlango kabla ya kutimiza mechi 200. Wa tatu alitwaa tuzo ya Glavu ya Dhahabu mara mbili, lakini hadi msimu wa 2025 ulipofika tamati, mashabiki walikuwa wangali wanabishana iwapo anatosha.

Jambo linalofanya mjadala huu kuwa na uzito ni kwamba aliyekabidhiwa jukumu la kuamua, tangu mwishoni mwa Septemba 2024, ni yule wa kwanza mwenyewe. Buster Posey, aliyeudaka mpira wa Giants kwa misimu 12, ndiye aliyeteuliwa kuwa rais wa shughuli za besiboli katika klabu hiyo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na kama kuna mkuu wa klabu anayefahamu uchungu wa kuchuchumaa nyuma ya mpigaji, ni yeye.

Kwa msomaji aliyezoea kandanda, huenda ikamfaa kumfikiria mdakaji kama kipa na nahodha waliounganishwa katika mwili mmoja. Ndiye mchezaji pekee wa ulinzi anayeutazama uwanja mzima akiwa mbele ya wenzake. Humwashiria mrushaji aina ya mpira wa kurusha, huupokea ukija kwa kasi inayoweza kupita kilomita 150 kwa saa, na hufanya hivyo zaidi ya mara mia katika mechi moja. Kisha, baada ya kazi yote hiyo, hutarajiwa ashike gongo na kupiga kama wengine.

Ni wachache mno wanaoyaweza yote mawili. Hapo ndipo bei ya mdakaji mzuri inapopandia, na hapo ndipo klabu nyingi hupotelea.

Tuanze na Posey. Mnamo 2008, timu nne zilimpita mwanafunzi huyo wa Chuo Kikuu cha Florida State kabla ya Giants kumchukua katika nafasi ya tano na kumpa dola milioni 6.2 za kutia saini. Tampa Bay Rays, waliokuwa na haki ya kuchagua mwanzo, walimtwaa Tim Beckham, kijana wa shule ya upili ambaye hakuwahi kuifikia hadhi ya mteule wa kwanza.

Miaka miwili baadaye Posey alikuwa tayari. Giants walimtoa mkongwe Bengie Molina kwa Texas Rangers katikati ya msimu wa 2010 ili kumfungulia kijana njia. Uamuzi huo ulikuwa wa kijasiri, kwani Molina alipendwa na warushaji. Vuli ilipofika, timu hizo mbili zilikutana katika fainali, Giants wakashinda, na Posey akatawazwa chipukizi bora wa mwaka. Mataji mengine yalifuata 2012 na 2014.

Hata hivyo, kazi hiyo ilidai ushuru wake. Mnamo Mei 2011, mchezaji wa Florida Marlins aliyekuwa akikimbilia kituo cha nyumbani alimgonga Posey na kumvunja mguu, na msimu wake ukaishia hapo. Alirejea 2012 akaongoza ligi kwa wastani wa kupiga wa 0.336 na kutangazwa mchezaji bora. Mnamo 2014 ligi ilibadilisha kanuni ili kuwakinga wadakaji dhidi ya migongano ya aina hiyo.

Ilipofika 2018, Posey alikuwa amechoka mwili na Giants walikuwa wametoka kupoteza mechi 98 msimu uliotangulia. Anguko hilo liliwapa nafasi ya pili katika uteuzi. Walimchukua Joey Bart, mdakaji wa Chuo Kikuu cha Georgia Tech mwenye nguvu za kupiga mbali, wakamlipa dola milioni 7.025. Wakati huo hapakuwa na mchezaji asiye mrushaji aliyewahi kulipwa bonasi kubwa kuliko hiyo baada ya kuteuliwa. Mrithi, ilidhaniwa, amepatikana.

Hapa ndipo pana funzo la kwanza. Bart hakupewa muda ambao Posey alipewa. Mnamo 2019 alivunjika mkono baada ya kugongwa na mpira. Mwaka wa 2020, ligi ndogo zilifungwa kwa sababu ya Covid-19, naye Posey akajiondoa kwenye msimu ili kuwalinda pacha wachanga aliowapanga kuwa watoto wake na mkewe, ambao walikuwa wamezaliwa kabla ya wakati. Bart aliitwa kujaza pengo bila ya kuwa amecheza hata mechi moja katika daraja la juu kabisa la ligi ndogo. Alicheza mechi 33 pasipo kupiga homurani hata moja, yaani mkwaju wa kuuvusha mpira nje ya uwanja.

Wiki kadhaa kabla ya hapo, klabu hiyo hiyo ilikuwa imetuma ujumbe ambao kijana yeyote angeuelewa. Katika uteuzi wa 2020, uliopunguzwa hadi duru tano kutokana na janga hilo, Giants walitumia nafasi yao ya kwanza, ya 13 kwa jumla, kumtwaa mdakaji mwingine: Patrick Bailey wa Chuo Kikuu cha North Carolina State.

Watetezi wa uamuzi huo wana hoja. Katika besiboli haishauriwi kuteua chipukizi kwa kuangalia pengo la leo, kwa kuwa huchukua miaka kadhaa kabla ya kijana kuiva, na wengi hawaivi kamwe. Kuwa na wadakaji wawili wenye vipaji ni akiba.

Hata hivyo, akiba hugeuka deni usipojua kuitumia. Posey alistaafu Novemba 2021 akiwa na umri wa miaka 34, baada ya msimu ambao Giants walishinda mechi 107. Bart alirithi glavu mwaka wa 2022. Alipiga homurani 11, lakini zaidi ya theluthi ya zamu zake za kupiga ziliishia kwa kukosa mpira mara tatu. Mei 2023 Bailey alipandishwa, na kufikia mwisho wa msimu huo alikuwa mdakaji nambari moja.

Machi 2024 hesabu ikakamilika. Kanuni za ligi humruhusu mchezaji kurudishwa katika ligi ndogo kwa misimu mitatu pekee. Baada ya hapo sharti abaki katika kikosi kikuu ama klabu nyingine zipewe fursa ya kumchukua. Bart alikuwa amezimaliza nafasi zake. Giants, waliokuwa wamemsajili mkongwe Tom Murphy kuwa msaidizi wa Bailey, walimwondoa kikosini kisha wakampeleka Pittsburgh Pirates kwa kubadilishana na mrushaji chipukizi.

Yaliyofuata yanauma. Murphy aliumia goti mwezi wa Mei na msimu wake ukaisha. Bart, akiwa Pittsburgh, alipiga homurani 13 katika mechi 80, kwa wastani wa 0.265. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Isitoshe, Pirates nao walikuwa na kidonda kama hicho. Walikuwa wamemteua mdakaji Henry Davis kuwa chipukizi wa kwanza kabisa wa mwaka 2021, wakamhamishia kwa muda upande wa kulia wa uwanja, na gongo lake likakataa kuamka. Hivyo, klabu yenye mteule nambari moja iliokolewa kwa muda na mteule nambari mbili aliyetemwa kwingine. Kutangulia si kufika.

Je, Bailey ana thamani gani? Jibu linategemea unampima kwa lipi. Akiwa na glavu, ni wachache wanaomkaribia. Hodari wa kuupokea mpira ulio ukingoni mwa eneo halali kwa utulivu unaomfanya mwamuzi auhesabu kuwa straiki, alitwaa Glavu ya Dhahabu 2024 na 2025. Akiwa na gongo, wastani wake wa 2025 ulikuwa 0.222, na homurani sita. Moja kati ya hizo, ya Julai 2025 dhidi ya Philadelphia Phillies, iliingia katika kumbukumbu: mpira uligonga ukuta ukaruka vibaya, akazunguka vituo vyote mbio na kuipa timu yake ushindi wa 4-3 katika zamu ya mwisho. Lakini tukio moja la shangwe si msimu.

Mizani ya glavu na gongo ilikuwa tayari ngumu. Mnamo Septemba 2025 ligi iliongeza jiwe lingine: iliidhinisha mfumo wa kielektroniki wa kukata rufaa dhidi ya maamuzi ya straiki, uanze msimu wa 2026. Kila timu huanza mechi na rufaa mbili, na ikishinda rufaa haiipotezi. Wanaoruhusiwa kukata rufaa ni mpigaji, mrushaji na mdakaji pekee.

Kwa mtazamo wa kwanza, hili ni pigo kwa Bailey. Straiki aliyoiba kwa ustadi wa mkono sasa yaweza kubatilishwa na mtambo. Lakini tuangalie majaribio ya mechi za maandalizi ya 2025: wadakaji walifaulu katika asilimia 56 ya rufaa zao, wapigaji asilimia 50 na warushaji asilimia 41. Anayelijua eneo halali kuliko wote ni yule aliyechuchumaa nyuma yake. Aidha, kwa kuwa rufaa ni mbili tu, mipira mingi ya ukingoni itaendelea kuamuliwa na binadamu. Ustadi wa Bailey utapungua bei, hautafutika.

Upande wa pili wa mizani wamo vijana. Julai 2025 Giants walimpata Jesús Rodríguez kutoka New York Yankees, mdakaji asiyekosa mpira kwa urahisi. Desemba 2025 wakamleta Daniel Susac, aliyekuwa mteule wa 19 wa Oakland mwaka 2022, kupitia uteuzi maalumu wa wachezaji wasiolindwa na klabu zao. Nduguye mkubwa, Andrew, alikuwa msaidizi wa Posey katika kikosi kilichotwaa taji la 2014.

Usajili wa Susac una sharti: lazima akae katika kikosi kikuu msimu mzima, la sivyo klabu yake ya awali ipewe nafasi ya kumrudisha. Ni kusema kwamba Giants walijitia tena katika mtihani ule ule wa Bart, wa kumfunza kijana mbele ya umati badala ya kumfunza kando.

Kwa maoni yangu, busara iko katika mambo matatu. Mosi, Bailey asihukumiwe kwa gongo peke yake, kwani klabu inayotegemea warushaji humhitaji mtu wanayemwamini. Pili, apewe mwenzake anayeweza kupiga, wagawane mechi, ili magoti yake yadumu; Joe Mauer wa Minnesota, aliyeteuliwa wa kwanza 2001 na kuingia Ukumbi wa Umaarufu 2024, aliikimbia kazi ya udakaji baada ya mtikisiko wa ubongo wa 2013. Tatu, kijana anayeletwa apewe muda ambao Bart hakuupata, au asiletwe.

Kuhusu nambari ya uteuzi, tusiiabudu. Mike Piazza, aliyeingia Ukumbi wa Umaarufu 2016, aliteuliwa katika duru ya 62 mwaka 1988, baada ya wachezaji 1,389. Uteuzi wa sasa una duru 20 tu. Leo asingeitwa kabisa.

Hata huku kwetu Afrika Mashariki yupo anayelielewa hili. Dennis Kasumba, mdakaji kutoka Uganda aliyejulikana duniani kupitia video zake akifanya mazoezi kwa magurudumu na vifaa vya kuokoteza, alipata viza mwaka 2023 na kuchezea Frederick Keys, huko Maryland, katika ligi ya vijana wanaotafuta kuteuliwa. Hakuwa na milioni saba za kutia saini. Alichokuwa nacho ni glavu na subira.

Posey anayo milioni za kutoa. Subira ndiyo anayopimwa kwayo sasa.