MAONI: Foto zetu zinaficha nyuso za watu, tujifunze kwa wapiga foto wa treni za moshi

Mama mmoja mkimbizi wa vita aliniuliza siku moja kwa nini kwenye foto niliyompiga hana uso. Ilikuwa karibu na Goma, saa sita mchana, nyuma yake mahema meupe yamepangana mpaka macho yanapoishia. Nilimwonyesha simu nikifikiri atafurahi. Mahema yalionekana vizuri, hata kamba zake. Yeye mwenyewe alikuwa kivuli kilichovaa kitenge. Nilifuta ile foto, nikapiga nyingine, ikatoka vilevile. Nina diploma ya chuo kikuu katika uandishi wa habari, lakini siku ile sikuwa na jibu la kumpa.

Jibu nililipata baadaye mahali ambapo sikulitafuta, mbele ya treni ya zamani.

Nilikuwa Nairobi kwa mafunzo, nikapita kwenye jumba la makumbusho la reli, lililofunguliwa mwaka 1971. Pale kuna injini ya mvuke namba 5918, inayoitwa Mount Gelai. Ni moja kati ya injini 34 ambazo kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, ilizitengeneza katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Uzito wake unapita tani 250. Nikapiga foto kwa mbali: mbingu ikatoka vizuri, injini ikawa giza tupu. Nikasogea mpaka chuma kikajaa kwenye kioo cha simu: sasa chuma kikaonekana, lakini mbingu ikawa nyeupe kama karatasi. Injini ilikuwa ileile na jua lilelile. Kilichobadilika ni hesabu ya simu.

Kamera haijui inatazama nini. Inapima tu mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu vilivyo mbele yake, na inadhani kwamba vyote vikichanganywa vinatoa rangi ya kijivu. Ikiona weupe mwingi, inafikiri mwanga umezidi, inapunguza. Ikiona weusi mwingi, inafikiri kuna giza, inaongeza.

Wapiga foto wa treni za mvuke wanalijua sana tatizo hili. Mbele yao kuna chuma cheusi chenye mafuta na masizi, na juu yake wingu jeupe la mvuke, vyote katika foto moja. Tena treni haisimami kumngoja mtu. Kwa hiyo hawaiachii kamera iamue. Wanapima mwanga kabla treni haijafika. Wanachagua saa: asubuhi au jioni, jua likiwa chini, mwanga unaingia chini ya tumbo la injini mpaka kwenye magurudumu. Saa sita jua liko utosini, na huko chini kote ni giza. Hivyohivyo ndivyo jua la saa sita linavyofanya kwenye macho ya mtu.

Mmarekani mmoja, O. Winston Link, alikwenda mbali zaidi. Kati ya mwaka 1955 na 1960 alipiga foto za treni za mvuke za kampuni ya Norfolk and Western, huko Virginia na majimbo ya jirani. Kwa foto zake nyingi alichagua usiku, kwa sababu jua hawezi kulihamisha, lakini taa anaweza kuziweka anapotaka. Alivuta nyaya, akapanga taa za flashi kwa makumi, zikawaka zote mara moja treni inapopita. Katika foto yake ya mwaka 1956 inayojulikana sana, treni inapita nyuma ya sinema ya nje. Mwanga wa flashi ulifuta picha ya sinema kwenye pazia, naye akaja kuitia baadaye. Msanii anaweza kufanya hivyo. Mwandishi wa habari hawezi. Sisi tunapaswa kupata mwanga mzuri palepale, si kubandika kitu baadaye.

Simlinganishi mtu na chuma. Ninachosema ni kwamba kuna watu waliotumia akili nyingi ili misumari ya injini nyeusi ionekane, na sisi tunatuma kwenye redaksheni kila siku foto za watu wetu bila macho wala mdomo.

Kosa si letu peke yetu. Zamani kampuni ya Kodak ilituma kwenye maabara za foto kadi yenye sura ya mwanamke mzungu, na rangi zote zikapimwa kwa ngozi yake. Ngozi nyeusi haikuwa kwenye hesabu. Lakini leo simu iko mkononi mwetu, na inakubali kurekebishwa. Gusa uso wa mtu kwenye kioo. Shikilia kidole mpaka kipimo kifungwe. Ukiona alama ya jua dogo, isogeze mpaka uso uonekane. Hema likiwa jeupe kupita kiasi, acha liwe hivyo. Mpiga foto wa treni analinda mvuke kwa sababu ndio uhai wa foto yake. Sisi tunalinda uso.

Njia nzuri zaidi ni kumwomba mtu ageuke. Akisimama kwenye kivuli cha paa au mti, akatazama upande wa hema jeupe, hema lenyewe linamrudishia mwanga usoni.

Mwenzangu mmoja aliniambia kwamba penye vita hakuna nafasi ya mambo hayo. Kugusa kioo kunachukua sekunde mbili. Wengine watasema kivuli kinamlinda mtu. Ni kweli, kuna watu ambao sura zao hazipaswi kuonekana, kwa mfano mama aliyebakwa au mtoto aliyetoroka kikundi chenye silaha. Hao tuwafiche vizuri, na kwa makusudi. Kuficha uso kuwe uamuzi wetu, kusiwe ajali ya simu.

Kwa hiyo naomba wakubwa wa redaksheni wafanye jambo moja. Foto ya mtu aliyekubali kuonekana ikifika haina uso, irudishwe kama mnavyorudisha habari isiyo na jina la mahali. Na wanaofundisha uandishi wa habari katika vyuo vyetu waweke kipimo cha mwanga kwenye masomo, na wanafunzi wakipige wenyewe, nje, saa sita mchana. Yule mama alikuwa ameniambia jina lake, kijiji chake na watoto wake wangapi hajui walipo. Niliyaandika yote. Uso wake ndio sikuweza kuuonyesha.