Mnatusimulia Nusu ya Jamal

Nyie wafanyakazi wa mashirika mnaosoma humu kimya kimya bila kuandika neno, leo maneno mengi ni yenu.

Kijana yeyote aliyepita kwenye semina za vyombo vya habari hapa kambini ameshasikia jina la Jamal Edwards. Mara nyingi linakuja baada ya chai, pale mwezeshaji anapoona watu wanasinzia. Eti kulikuwa na kijana mweusi London, hana kitu, akapata kamera, akawa na ndoto, akaweka video YouTube, akatajirika, akapewa nishani ya Malkia. Halafu swali: na nyinyi mnasubiri nini? Makofi. Tunasaini karatasi ya posho, kila mtu anarudi bloku yake.

Mimi hiyo stori naipinga. Sisemi ni uongo. Nasema mmeikata katikati, na kipande mlichokitupa ndo chenye faida kwetu.

Tuanze na mtu mwenyewe. Jamal alizaliwa Luton mwaka 1990, akakulia Acton, magharibi mwa London. Mama yake, Brenda Edwards, ni mwimbaji. Mwaka 2005 alifika nusu fainali ya shindano la The X Factor, Uingereza nzima ikamwona kwenye televisheni. Kwa hiyo muziki ulikuwa ndani ya nyumba. Krismasi moja dogo akapewa kamera ya video. Katika vitu vya mwanzo alivyorekodi ni mbweha waliokuwa wanaingia kwenye bustani yao. Mbweha, bana! Baadaye akawageukia washkaji zake waliokuwa wanachana mtaani. Mwaka 2006, YouTube yenyewe ikiwa changa kabisa, akafungua chaneli, akaiita SBTV. Hizo herufi SB zimetoka kwenye jina lake la kuchana, Smokey Barz.

Kwa nini alifungua? Hapa wawezeshaji wanapita mbio. Vijana wa London walikuwa na muziki wao, grime: uchanaji wa kasi juu ya mdundo mzito wa kompyuta, uliokulia kwenye redio za wizi zisizo na leseni. Vituo vikubwa vilikuwa havina nafasi nayo. Na polisi wa London walikuwa na karatasi inaitwa Fomu 696. Mwenye ukumbi akitaka kufanya onyesho la muziki wa namna hiyo anaambiwa ajaze: wasanii ni nani, majina yao, namba zao. Toleo la mwanzo liliuliza mpaka aina ya muziki na asili ya watu watakaokuja kusikiliza. Maonyesho mengi yalikufa kwa sababu ya hiyo fomu, mpaka ilipofutwa mwaka 2017. Sisi tunaozijua fomu tangu siku ya kwanza tuliyovuka mpaka, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Sasa angalia alichofanya Jamal. Hakuandika pendekezo la mradi akasubiri majibu. Alienda kwa msanii, barabarani, nyuma ya jukwaa, popote, akawasha kamera, akapandisha video. Alikuwa na kipindi kinaitwa F64: msanii mmoja, mistari 64, basi. Hakuna ukumbi, kwa hiyo hakuna fomu ya ukumbi. Na yeye mwenyewe alikaa nyuma ya kamera. (Hili ni letu pia, ndugu zangu. Humu kila mwenye simu janja anataka sura yake iwe ya kwanza. Kikundi cha watu kumi na wawili, watangazaji kumi na wawili, mpiga picha hakuna.)

Mwaka 2010 akaja kijana mzungu na gitaa, Ed Sheeran, bado hajasainiwa na kampuni kubwa. Wengine wangesema hii ni chaneli ya grime, wewe nenda kwingine. Jamal alimrekodi. Leo watu wanasimulia kana kwamba Sheeran ndiye aliyemtoa Jamal. Kalenda inakataa: wakati huo SBTV ina miaka minne, imeshajengwa na vijana weusi ambao majina yao hayatajwi kwenye semina zetu.

Halafu mwaka 2011 Google wakatumia maisha yake kwenye tangazo la Chrome, ile programu ya kufungulia intaneti. Tangazo lilirushwa sana. Msinielewe vibaya, kazi ilikuwa halali na jina lake lilikua. Lakini tangazo ni tangazo, lina kitu linauza. Linahitaji kijana, kamera na intaneti, mambo mengine yanakatwa. Na hiyo stori iliyokatwa ndo inafanana neno kwa neno na ile tunayosimuliwa kambini. Mmechukua tangazo la biashara mkaligeuza somo la maisha kwa wakimbizi.

Nini kimekatwa? Cha kwanza, duka. Wakati SBTV inakua Jamal alikuwa anafanya kazi Topman, duka la nguo. Mkate ulitoka kule. Yaani alikuwa na haki ya kuajiriwa, na akitoka kazini anapanda basi kwenda kona yoyote ya London kumrekodi msanii bila kuonyesha kibali kwa mtu. Mimi nikitaka kwenda kumrekodi mwimbaji wa mji wa jirani naomba karatasi, na karatasi ikichelewa mwimbaji hanisubiri. Kufanya kazi nje ya kambi ndo usiseme. Usiniambie tofauti yangu na Jamal ni ndoto. Ndoto ninazo, hata za mchana.

Cha pili kikubwa zaidi. SBTV ilikuwa ya Jamal. Chaneli yake, paswedi yake, jina lake, uamuzi wake nani arekodiwe na nini kikatwe. Nishani ya MBE aliyopewa akiwa na miaka 24 ilikuja juu ya kitu anachokimiliki. Hapo ndipo stori yenu inapogeuka dhihaka, kwa sababu mnatusimulia habari ya mmiliki huku kamera imefungiwa kabatini ofisini. Ofisi inafunguliwa saa mbili, inafungwa kumi. Ijumaa inafungwa mapema.

Nitoe mfano wa hapa hapa, shirika silitaji. Vijana walifanya kipindi kwa miezi mingi: ngoma za kwetu, mahojiano na wazee, mechi za mpira, na wasichana wawili waliokuwa wanachana kwa Kiswahili na Kifuliiru mpaka watu wanasimama kusikiliza. Ukurasa ukawa na wafuatiliaji mpaka Bukavu na ughaibuni. Ukurasa ulifunguliwa kwa barua pepe ya afisa wa mradi. Mradi ukaisha, mkataba wake ukaisha, akaondoka. Hakuna anayeweza kuingia. Video bado zipo pale, zimekaa kama nyumba ambayo mwenyewe ameondoka na ufunguo. Kipande kimoja cha wale wasichana kilikuja kuonekana kwenye ripoti ya wafadhili, na wao hawakuulizwa. Tulipolalamika tukaambiwa tulisaini fomu ya ridhaa.

Najua jibu lenu, mtasema ulinzi. Kuna mtu alikimbia mtu, sura yake ikionekana anaweza kutafutwa mpaka hapa. Kuna watoto. Kweli kabisa, na mimi kama mjitoleaji nimewaambia vijana mara nyingi wazime kamera. Lakini mbona hilo neno linatoka kabatini pamoja na kamera, siku sisi tunataka kurekodi tu? Akija mpiga picha wa wafadhili, mtoto mwenye kamasi anapigwa picha kutoka pembe nne. Kama ulinzi ni ulinzi, utufunge wote. Na tufundisheni namna ya kulinda watu tunaowarekodi. Sisi ndo tunaishi nao, tunajua nani anatafutwa kuliko mgeni wa siku tatu.

Jamal alifariki ghafla tarehe 20 Februari 2022, ana miaka 31. Miaka yake ya mwisho alirudi Acton kwao, akaanzisha kazi ya kukarabati na kufungua vituo vya vijana. Majengo, yenye mlango na watu wa mtaa ule ule wakihudumia. Alijua hotuba peke yake haimpi kijana mahali pa kukaa jioni. Hiyo sehemu nayo sijaisikia kwenye semina hata moja.

Kwa hiyo tunaomba vitu vinavyobebeka. Kamera ikae kwa kikundi, kuwe na daftari la nani kaichukua na lini, ikivunjika tutajibu sisi. Ukurasa wowote wa vijana ufunguliwe kwa anwani ya kikundi, na wanachama watatu wawe na paswedi kabla video ya kwanza haijapanda. Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti, na iwe na sehemu ya kukataa. Pesa ya chai ya semina moja ikigeuzwa bando, tunapandisha video wiki kadhaa.

Na wewe afisa uliyeondoka na barua pepe yetu, najua humu umo, bado hujatoka kwenye kikundi. Tutumie ile paswedi. Hata leo usiku.