SAFARI YA LUSHOTO: TUSHUKE WAPI?

Ndugu wanachama,

Mwaka jana tulikodi gari kwa fedha ya ushirika tukaenda Lushoto. Njiani tulishuka mara tatu: chai, wali na soda. Tukarudi tumeshiba, shambani hakuna kilichobadilika. Kosa ni letu sote, na sisi viongozi ndio wa kwanza.

Safari hii tunashauri hivi:

Kwanza, Mlingano, kwenye kituo cha utafiti wa mkonge. Mkonge ulipoletwa Pangani mwaka 1893 ilipona miche 62 tu, na mashamba yakaenea. Tuwaulize wataalamu, mwenye eka mbili aanzeje?

Pili, Muheza kwenye machungwa. Tusinunue tukaondoka. Tuwaulize wenzetu: bei anapanga nani, mkulima au mwenye lori? Maana na sisi tunalizwa hapo hapo.

Tatu, Mombo. Wakulima wa mpunga watuambie maji ya mfereji wanagawana vipi.

Nne, Soni. Tuone mboga za mlimani, tuulize wanazuiaje udongo usichukuliwe na mvua.

Akina mama wawe nusu ya wasafiri, kwani jembe wanalo wao. Kila watu kumi wachague mmoja wa kuandika. Tuliojifunza kusoma ukubwani tusiogope, kalamu haiulizi umri. Tukirudi, yasomwe yote mbele ya mkutano.

Chai tutakunywa, ndugu. Lakini fedha ya wanachama isiishie kwenye kikombe.

Katibu