Mahindi makavu yapewe bei yake

Taarifa za soko la mahindi hutaja bei ya gunia, bei ya debe na nauli ya lori. Ukavu wa mahindi yenyewe hautajwi. Mkulima aliyeanika mazao yake juu ya turubai mpaka yakakauka, na mwenzake aliyepukuchua mahindi mabichi kwa haraka ya ada ya shule, hulipwa bei moja na dalali mmoja siku hiyo hiyo. Bei hiyo moja ndiyo inayotutia hasara, na wenye uwezo wa kuibadili ni wafanyabiashara wenyewe kabla ya maofisa wa mpakani.

Wanaosafirisha nafaka kwenda Kenya hawajasahau Machi 2021. Tarehe 5 ya mwezi huo Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliandika barua ya kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda, kwa maelezo kwamba vipimo vilionyesha sumu ya kuvu kuzidi kiwango salama. Malori yalikwama Namanga. Tarehe 10 zuio liliondolewa, lakini kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, shehena iwe na cheti kinachothibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni moja, na ijulikane mahindi yametoka wapi.

Wapo waliosema hiyo ilikuwa vita ya kibiashara iliyovikwa koti la afya. Inawezekana. Lakini mfanyabiashara mwenye lori mpakani hasaidiwi na mjadala huo. Barua yenye vipimo hujibiwa kwa vipimo, na wengi wetu hatukuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha.

Tukifanye kiwango hicho, ambacho ndicho kilichowekwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, kiwe hesabu ya sokoni. Sehemu 10 katika bilioni ni mikrogramu 10 kwa kilo. Gunia la kilo 100 haliruhusiwi kubeba zaidi ya miligramu 1 ya sumu, na lori la tani 30 halitakiwi kuzidisha miligramu 300, yaani chini ya theluthi moja ya gramu. Sumu ndogo kiasi hicho haionekani kwa macho wala haisikiki kwenye ulimi, na kupika ugali hakuiondoi. Tena haikai sawasawa ndani ya mzigo. Gunia moja linaweza kuwa safi na la jirani yake likawa na sumu nyingi, kwa hiyo konzi moja iliyochotwa juu ya lori haisemi lolote la kuaminika.

Anayedhani haya ni mambo ya maabara tu akumbuke mwaka 2004. Mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafariki. Watafiti walichukua sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kwa wauzaji wa masokoni katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Asilimia 55 zilizidi sehemu 20 katika bilioni, na asilimia 7 zilizidi 1,000. Mahindi ya wakulima yalikuwa yameingia sokoni, na soko likayasambaza bila kuuliza swali. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua na 20 wakafa. Dodoma ndiko liliko soko la nafaka la Kibaigwa, ambalo wengi wa wasomaji wa ukurasa huu wanalijua kwa ndani.

Hao ni wale waliokula sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hahesabiwi katika orodha hizo, ingawa wataalamu wa saratani duniani wameiweka sumu hii katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kwa sababu ya ini.

Sasa tujiulize: gunia lililokataliwa mpakani huenda wapi? Halichomwi. Hurudi, likauzwa kwa bei ya chini kwenye mashine ya kusaga ya mtaani, likaliwa na asiye na uwezo wa kuchagua. Tukiuachia mpaka kazi yote ya kupima, tutakuwa tumepanga kwamba mahindi safi yaende nje na machafu yabaki nyumbani. Ndiyo maana kipimo cha kwanza lazima kiwe pale mahindi yanaponunuliwa mara ya kwanza.

Utafiti hautudai kitu. Inajulikana kwamba mahindi yakikaushwa hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini yake kuvu hukosa nafasi ya kukua ghalani. Inajulikana pia kwamba kuvu huanza shambani, hasa mimea inapopatwa na ukame. Kwa hilo watafiti wa taasisi ya IITA na wenzao wametengeneza Aflasafe: punje za mtama zisizoota, zilizopakwa ndugu wa kuvu huyo wasioweza kutoa sumu. Mkulima humwaga kilo 4 kwa eka wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajachanua. Ndugu hao hutangulia kukalia nafasi, na majaribio ya mashambani yameonyesha sumu kupungua kwa asilimia 80 na zaidi. Ya Kenya ilisajiliwa mwaka 2015 na ya Tanzania mwaka 2018. Ipo pia mifuko isiyopitisha hewa, na lipo turubai, ambalo halihitaji profesa.

Kwa nini basi mkulima hatumii? Kwa sababu anajua hesabu. Kila siku ya kuanika ni siku ya kazi, na mahindi yanayokauka yanapungua uzito. Chukua gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18. Likikaushwa hadi asilimia 13.5 litabaki na kilo 95 hivi. Mkulima akilipwa bei ile ile kwa kilo, atakuwa ametoka jasho ili apate pungufu. Anayeuza mabichi anamuuzia dalali kilo 5 za maji kwa bei ya mahindi. Nani mjinga hapo?

Hesabu hiyo hiyo inamhusu mnunuzi. Lori la tani 30 la mahindi ya unyevu huo limebeba zaidi ya tani moja na nusu ya maji ya ziada. Maji hayo yamelipiwa shambani, yamelipiwa nauli, na yatapotea au yataozesha mzigo kabla ya kufika kwa msagaji. Mnunuzi mwenye mizani na kipima unyevu anaweza kumwongeza mkulima wa mahindi makavu sehemu ya fedha ambazo leo anazitupa kwenye maji, bila kugusa faida yake mwenyewe. Asiye na kipimo atumie chupa kavu na chumvi kavu: tia punje, tia chumvi, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado mabichi.

Tuseme ukweli hapa: kipima unyevu hakipimi sumu. Mahindi yaliyochafuka shambani yakikaushwa hubaki na sumu yake, ila haitaongezeka. Kwa hiyo anayelenga soko la nje au wasagaji wakubwa hana budi kupima sumu yenyewe, kwa sampuli zilizochotwa katika magunia mengi na kuchanganywa. Gharama hiyo ni kubwa kwa mtu mmoja, lakini ni nyepesi kwa wafanyabiashara kumi waliochanga.

Pingamizi kubwa ni kwamba dalali atakayeanza peke yake atakosa mzigo, kwani wakulima watakwenda kwa asiyeuliza. Ni kweli kwa anayekata bei ya mahindi mabichi. Si kweli kwa anayeongeza bei ya makavu, maana huyo ndiye watakayemtafuta. Umoja wa wafanyabiashara wa soko moja ukikubaliana madaraja mawili tu, makavu na mabichi, na bei zote mbili zikaandikwa ubaoni, wakulima watajua kabla ya msimu ujao.

Mwenye mtaji mdogo naye ana nafasi. Uwanja wa saruji, maturubai, mashine ya kupukuchua na ghala lenye hewa ni biashara ya kutoa huduma ya kukausha kwa malipo ya gunia. Halmashauri nazo, ambazo hukusanya ushuru wa mazao sokoni, hazitakosea zikirudisha sehemu yake kwa kununua vipima unyevu na kujenga sehemu za kuanikia.

Anayenunua msimu huu aanze na swali moja kabla ya kutaja bei: yamekauka? Na akiambiwa ndiyo, akapima, akakuta ni kweli, alipe zaidi.