Sioni haya kusoma riwaya za vijana, zimenifunza udaktari

Wiki hii nataka kuungama. Mimi ni daktari, umri wangu umepita miaka 40, nina watoto wawili na mkopo wa benki, na kitabu kilicho ndani ya mkoba wangu hivi sasa kiliandikiwa msomaji wa miaka 15. Si cha binti yangu. Ni changu mwenyewe. Nilikinunua kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, wale ambao Wanairobi huwaita "inama", na nitakisoma ndani ya matatu nikirudi nyumbani jioni.

Kwa muda mrefu nilifanya jambo hili kwa siri. Nilikuwa nikikificha kitabu ndani ya gazeti lililokunjwa, kama mwanafunzi anayesoma barua ya mapenzi darasani. Daktari mwenzangu aliponifumania siku moja wakati wa chai, alicheka hadi akakohoa. "Yaani wewe na masomo yako yote bado unasoma hadithi za watoto?" akaniuliza. Siku hiyo sikuwa na jibu. Leo ninalo, na ninakupa wewe, hasa ikiwa una mtoto nyumbani aliye kati ya umri wa miaka 10 na 19.

Kwanza, siko peke yangu. Mwaka 2012 kampuni ya Bowker ilichunguza wanunuzi wa vitabu nchini Marekani, ikapata kwamba asilimia 55 ya wale walionunua vitabu vilivyoandikiwa vijana wa miaka 12 hadi 17 walikuwa na umri wa miaka 18 au zaidi. Wengi wao walisema walijinunulia wao wenyewe, wala si watoto wao. Miaka miwili baadaye, mwandishi Ruth Graham aliandika katika jarida la Slate kwamba mtu mzima anapaswa kuona haya akisoma vitabu hivyo. Makala hayo yalizua mjadala mkali. Mimi ninamheshimu kila mwenye maoni yake, lakini mambo yaliyonipata kazini yamenizuia kukubaliana naye.

Acha nikueleze kisa chenyewe. Nimebadilisha mambo machache ili mhusika asitambulike. Miaka kadhaa iliyopita, msichana wa kidato cha pili aliletwa na mamake katika zahanati nilikofanya kazi. Alikuwa akiumwa na kichwa na tumbo, na hakuwa akipata usingizi. Nikampima malaria, hakuwa nayo. Nikapima mkojo na damu, vyote vilikuwa sawa. Nikampa dawa za kutuliza maumivu, akaenda. Baada ya wiki tatu akarudi, nikampa dawa za tumbo. Mara ya tatu mamake aliniambia, "Daktari, huyu anaogopa mitihani tu." Foleni nje ilikuwa ndefu. Nikacheka pamoja na mama, nikaandika dawa, nikaita mgonjwa mwingine.

Siku chache baadaye nilisikia kwamba msichana huyo amelazwa hospitalini baada ya kujaribu kujitoa uhai. Nashukuru Mungu aliokolewa. Nilipokwenda kumwona wodini, hakunilaumu. Alitazama ukutani akasema maneno manne tu: "Daktari, hukuniuliza mimi kitu." Nikahesabu ziara zile tatu, nikaona alisema kweli. Kila swali nililouliza nilimwuliza mamake.

Usiku huo sikupata usingizi. Juu ya sofa palikuwa na kitabu kilichosahauliwa na mpwa wangu, riwaya ya mwandishi John Green wa Marekani iitwayo The Fault in Our Stars, iliyochapishwa mwaka 2012. Msimulizi wake ni msichana wa miaka 16 mwenye saratani. Nilikuwa sijasoma hadithi tangu nilipoingia chuo kikuu, maana masomo ya udaktari hayakuniachia nafasi. Nilisoma hadi alfajiri. Kwa mara ya kwanza maishani nilimtazama daktari kutoka upande wa kitanda cha mgonjwa, tena mgonjwa mchanga ambaye watu wazima wanajadiliana juu yake kana kwamba hayupo chumbani. Huyo daktari alikuwa mimi.

Tangu siku hiyo sijaacha. Nilivirudia hata vile tulivyosoma utotoni. Wengi wetu tuliosoma shule miaka ya themanini na tisini tulimjua Moses, yule mtundu wa shule ya bweni aliyebuniwa na Barbara Kimenye. Tulisoma pia mfululizo wa Pacesetters wa kampuni ya Macmillan, tukipokezana bwenini hadi majalada yakang'oka. Kisha mwaka 1996 marehemu Ken Walibora akatupa Siku Njema, riwaya ya Kongowea Mswahili, kijana anayeondoka Tanga kuja Kenya kumtafuta babake. Wanafunzi wengi wa shule za upili waliisoma kwa ajili ya mtihani, lakini wengine wetu tuliisoma kwa ajili ya roho zetu.

Ukivichunguza vitabu hivi utaona kwamba vinazungumza mambo ambayo sisi wazazi huyakwepa. S.E. Hinton alikuwa msichana wa shule alipoandika The Outsiders, riwaya ya vijana wa magenge, iliyochapishwa mwaka 1967. Mwaka 1970 Judy Blume aliandika juu ya msichana anayengoja hedhi yake ya kwanza, na kwa sababu hiyo watu wazima wengi nchini Marekani wametaka kitabu hicho kiondolewe maktabani. Hapa kwetu, Carolyne Adalla alichapisha Confessions of an AIDS Victim mwaka 1993, barua ndefu ya msichana anayemweleza rafiki yake kwamba ana virusi. Hiyo ilikuwa miaka 6 kabla ya serikali kutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka 1999. Wakati watu wazima walipokuwa wakinong'ona, kijana alikuwa tayari amekwisha kusoma.

Huenda ukauliza, jambo hili linahusu afya vipi? Nitakueleza. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima hatari na kuzuia pupa, haikomai kabisa hadi mtu anapofikisha miaka ishirini na kitu. Sehemu zinazohusika na hisia huchangamka mapema zaidi. Kwa hiyo kijana anahisi kwa nguvu kamili huku breki zake zikiwa bado zinafungwa. Isitoshe, anapobalehe, saa ya mwili wake husogea mbele, asione usingizi hadi usiku umeenda, ilhali shule inamtaka aamke kabla ya jogoo. Anahitaji kulala saa 8 hadi 10, na wengi hawazipati. Tunapomwona amenuna asubuhi tunasema ana kiburi.

Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 walio na umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Wengi hawasemi. Huja kwetu na kichwa, tumbo, kifua kinachobana au uchovu usioisha. Maumivu hayo si ya uongo, mwili kweli unauma. Lakini chanzo hakionekani kwa darubini. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mtungi huu hauwezi kufunguliwa kwa nguvu, na hapo ndipo nilipoona faida ya hadithi.

Mwaka jana mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka 14 aliyekuwa akiumwa na kichwa kwa miezi miwili. Nilimpima macho, shinikizo la damu na mengine yote yanayostahili, sikuona kasoro. Siku hizi nina desturi ya kumwomba mzazi aketi nje kwa muda mfupi. Mama alipotoka, kijana alinyamaza kimya. Kisha akaona Siku Njema juu ya meza yangu.

"Daktari, hicho kinahusu nini?"

"Kijana anayemtafuta babake."

Akakitazama kwa muda. "Na alimpata?"

"Kisome ujionee mwenyewe," nikamjibu. "Kwani wewe ungekuwa yeye, ungemtafuta?"

Machozi yakamtoka kabla ya maneno. Babake alikuwa ameondoka nyumbani, na wenzake shuleni walikuwa wamegeuza jambo hilo kuwa mzaha wa kila siku. Alikuwa hajamwambia mamake kwa sababu hakutaka kumwongezea huzuni. Kwa idhini yake tulimwita mama ndani, wakazungumza, kisha nikawaelekeza kwa mshauri nasaha. Kichwa hakikupona siku ile, wala wiki ile. Kilipungua polepole.

Sitaki unielewe vibaya, msomaji. Kitabu si dawa, na mimi sitaacha kutoa dawa panapohitajika. Utafiti wenyewe unatutaka tuwe waangalifu. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba kusoma hadithi za kifasihi humfanya mtu atambue vizuri zaidi hisia za wenzake. Watafiti wengine walipoyarudia majaribio hayo baadaye, hawakupata matokeo yale yale. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha Yale waliripoti kwamba, kati ya watu wazima 3,635 wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka 12, wasomaji wa vitabu waliishi muda mrefu kidogo kuliko wasiosoma. Hata hivyo, huenda wasomaji wana mambo mengine yanayowasaidia. Hata hivyo, nchini Uingereza tangu mwaka 2013 kuna mpango ambao daktari anaweza kumwelekeza mgonjwa kwenye vitabu maalumu vilivyoko maktabani, navyo vimechaguliwa kwa ushauri wa wataalamu.

Kuna hatari pia. Hadithi inayoeleza kwa kina jinsi mtu alivyojiua, au inayofanya kitendo hicho kionekane cha kishujaa, inaweza kumdhuru kijana ambaye tayari amelemewa. Kwa hivyo jibu langu si kunyang'anya vitabu. Kijana atakisoma kwa rafiki yake, na wewe hutakuwepo kuzungumza naye. Jibu ni kusoma unachosoma mtoto wako.

Hivyo basi, nina ushauri ufuatao. Kwanza, muulize mwanao anasoma nini, kisha ukisome pia. Ukiona haya, kifiche ndani ya gazeti kama nilivyofanya mimi. Pili, usimuulize maswali ya mtihani. Usimwambie, "Umejifunza nini?" Muulize, "Yule kijana unaonaje, alifanya vyema?" Atakujibu kuhusu yule kijana wa kitabuni, na ukisikiliza kwa makini utamsikia yeye mwenyewe. Tatu, ikiwa pesa ni chache, kuna maktaba. Nairobi tunayo maktaba ya McMillan katikati ya jiji, iliyofunguliwa mwaka 1931, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Nne, taa izimwe kwa wakati, kwa maana usingizi nao ni tiba.

Mwisho, zijue dalili ambazo hazingoji kitabu. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akijitenga kwa majuma, akiacha kula au akila kupita kiasi, alama zake zikishuka ghafla, akianza kugawa vitu alivyovipenda, au akisema kwamba ni heri asingekuwepo, usimgombeze na usimdharau. Muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali humpa ruhusa ya kusema. Kisha usimwache peke yake, na umpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Wala usiogope polisi. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Huyo ni mgonjwa, si mhalifu.

Na ukienda kwa daktari akazungumza nawe tu huku mtoto akiwa ameketi hapo kama kiti, mkumbushe kwa heshima kwamba mgonjwa yupo. Hutakuwa umemkosea. Natamani yule mama angenikumbusha mimi.

Yule msichana sasa ni mtu mzima na ana kazi yake. Tunasalimiana. Yule kijana naye hajanirudishia Siku Njema yangu hadi leo, nami sijamdai.