Bastola ya kupima joto na wakubwa wa daraja la biashara

Niliwaahidi makala ya pili kuhusu hifadhidata lakini itabidi ingoje kidogo. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu wiki jana na nisipoliandika halitanipa usingizi.

Mteja wangu mmoja, mzee wa heshima anayeuza maua ng'ambo, aliniita ofisini kwake. Akaagiza chai, akaniuliza habari za watoto, kisha akafika kwenye shabaha. "Kijana wangu, ile korona ilinimaliza. Ndege zilisimama, wanunuzi sikuwaona mwaka mzima. Nataka tujitayarishe. Niandikie programu ya kuunganisha kamera za joto, tuiuzie viwanja vya ndege. Gonjwa lingine likija, watu wa biashara wapimwe haraka wapite, kazi iendelee."

Pesa aliyotaja ilikuwa nzuri, sitaki kudanganya. Lakini nilimwambia, "Mzee, hiyo kazi sifanyi." Akakasirika kidogo. Sasa acheni niwaeleze nyinyi yale ambayo yeye hakunipa nafasi ya kumaliza.

Mnaikumbuka ile bastola ya kupima joto? Mwaka 2020 ilikuwa kila mahali: mlango wa supamaketi, kanisani, benki, hata kwenye kinyozi. Bawabu anakuelekezea usoni, inalia pii, anasoma 33.8 na kukuambia pita. Jamani, mtu mwenye joto la 33.8 mwilini anafaa kuwa taabani hospitalini, si dukani ananunua unga! Lakini hakuna aliyejali nambari ilisema nini. Kilichotakiwa ni kuonekana umepimwa.

Bastola ile, na zile kamera kubwa za kiwanja cha ndege, hazioni ugonjwa wala joto la ndani ya mwili. Zinaona miale ya joto inayotoka kwenye ngozi. Ukitoka kwenye jua unasoma juu, ukitoka kwenye baridi ya Limuru unasoma chini. Ukimeza dawa ya homa saa mbili kabla, unapita kama malaika. Ni kama mtu ajaribu kujua kama seva ina mdudu kwa kugusa sanduku lake aone kama limepata moto. Siku nyingine atabahatisha, lakini huwezi kumwita fundi.

Na si kwamba tulikuwa hatujui. Mwaka 2003, wakati wa SARS, Kanada ilipima wasafiri wapatao milioni 6.5 kwa maswali na kwa kamera. Kama 9,100 wakawekwa kando wachunguzwe zaidi. Waliopatikana na SARS kati yao? Sufuri. Kamera za joto peke yake, Toronto na Vancouver, zilipitisha watu milioni 2.4, zikashika 832, na hapo pia hakukuwa na hata mmoja mwenye SARS. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005, yaani miaka 15 kabla ya sisi kununua bastola zetu.

Korona ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu mtu huanza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla hajahisi chochote, na wengine hawapati homa kabisa. Februari 2020 watafiti wa London School of Hygiene & Tropical Medicine walikadiria kwamba katika kila wasafiri 100 wenye virusi, 46 wangepita bila kugunduliwa hata wakipimwa joto wanapoondoka na tena wanapofika. Hapo walichukulia kwamba vifaa vinafanya kazi vizuri na wapimaji wako macho. Nyinyi mmeshaona wapimaji wetu saa kumi alfajiri.

Tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo watu wa kompyuta tunapofaa kusaidia. Huu ni mfano tu. Chukua wasafiri 10,000, kumi kati yao wana virusi. Kamera ikashika watano, na hapo nimekuwa mkarimu. Sasa kati ya wale 9,990 wazima, tuseme mmoja katika kila mia ana joto kwa sababu nyingine: malaria, mafua, au amekimbia na mizigo kutoka lango moja hadi lingine. Hao ni kama mia. Kwa hiyo umewatoa kwenye foleni watu 105, mia moja kati yao ni kengele za uongo, na watano wenye ugonjwa wenyewe wako kwenye teksi wanaelekea nyumbani. Programu yenye matokeo kama hayo ningeandika mimi, nisingelipwa.

Mnakumbuka Thomas Eric Duncan? Septemba 2014 alipimwa joto Monrovia kabla ya kupanda ndege. Akasoma 36.3, safi kabisa. Akaruka kupitia Brussels na Washington hadi Dallas, na siku chache baadaye akaugua Ebola. Alifariki tarehe 8 Oktoba. Kipimo hakikukosea siku ile. Kwa kweli hakuwa na homa. Aliyekosea ni yule aliyedhani kipimo kile kinajibu swali ambalo hakiwezi kujibu.

Kisa ninachotaka mzee wangu akitafakari zaidi, hata hivyo, ni cha Julai mwaka huo huo. Patrick Sawyer, mshauri katika wizara ya fedha ya Liberia, alisafiri kwenda Nigeria kwa mkutano wa ECOWAS. Safari ya kikazi. Alikuwa amekaa karibu na mgonjwa, akasafiri hivyo hivyo, na akaanguka uwanja wa ndege wa Lagos tarehe 20. Siku tano baadaye akafariki. Nigeria ikaishia kuwa na wagonjwa 20 na wakafa 8, miongoni mwao Dkt. Ameyo Stella Adadevoh, daktari aliyekataa kumruhusu Sawyer atoke hospitalini aende kwenye huo mkutano wake.

Someni tena sentensi hiyo. Mtu ana Ebola, na bado kulikuwa na shinikizo aachiliwe kwa sababu ana mkutano! Huyo daktari alikuwa kizuizi kuliko kamera zote.

Na kilichoiokoa Lagos, jiji la mamilioni, hakikuwa kamera. Walichukua kikosi kilichokuwa kinapambana na polio, wakaandika majina ya watu karibu 900 waliokutana na wagonjwa, wakawatembelea nyumbani, mara kama 18,500 kwa jumla. Kwa miguu. Mlango kwa mlango. Tarehe 20 Oktoba 2014 Nigeria ikatangazwa haina Ebola.

Sasa tuje kwa hao "watu wa biashara wapite haraka". Desemba 2020 serikali ya Uingereza ilitoa msamaha wa karantini kwa wasafiri wa biashara wa thamani kubwa. Masharti? Uwe unaleta uwekezaji wa pauni milioni 100 au zaidi, au mkataba wa kuanzisha au kuokoa angalau kazi 50. Msamaha huo ulisimamishwa Januari 2021. Mimi nimeandika programu miaka mingi na sijaona sharti la ajabu kama hilo. Eti kama mkataba wako ni wa pauni milioni 99, kaa ndani, unaweza kuambukiza watu. Ukiongeza milioni moja, mapafu yako yanakuwa salama! Virusi gani hivyo vinavyosoma mkataba?

Miezi michache baadaye, Aprili 2021, Kenya ikaingizwa kwenye orodha nyekundu ya Uingereza. Mwenye haki ya kuingia kule akitokea Nairobi alilipa pauni 1,750 kukaa hoteli siku kumi, na Agosti bei ikapanda hadi 2,285. Wafanyabiashara wadogo niliowajua, wanaouza vinyago na nguo, waliachana na safari kabisa. Tulikaa kwenye orodha hiyo hadi Septemba 22. Kwa hiyo mzee wangu anapodhani kwamba kukiwa na mlango wa haraka wa wafanyabiashara yeye atakuwa ndani yake, namhurumia. Mlango ule ulipojengwa mara ya kwanza haukujengwa kwa kipimo chake.

Kuna watakaosema, basi tuachane na joto, tudai vyeti vya PCR. Sawa, hiyo ni afadhali, na hapo kuna kazi nzuri ya kompyuta. Umoja wa Ulaya ulianza kutumia vyeti vyenye msimbo wa QR na sahihi ya kidijitali Julai 2021. Mtu hawezi kubadilisha jina au tarehe bila sahihi kuvunjika. Sisi tulijiunga na mfumo wa Trusted Travel wa Umoja wa Afrika, ambapo maabara yenyewe ndiyo huingiza matokeo na msafiri hupewa nambari yake. Nilifurahi sana. Kwani ni nani asiyejua jinsi kadi ya manjano ya homa ya manjano ilivyokuwa ikipatikana bila sindano?

Lakini sahihi inathibitisha nani ameandika, haithibitishi kwamba alichoandika ni kweli. Desemba 2021 Dubai ilisimamisha ndege za abiria kutoka Kenya, malalamiko yakiwa kwamba watu waliopimwa Nairobi wakaonekana hawana virusi walikuwa wakifika kule wanakutwa navyo. Januari 2022 nasi tukajibu kwa kuzuia ndege kutoka kule. Wafanyabiashara wa Eastleigh na Kamukunji wanaotegemea mizigo ya Dubai ndio walioumia. Mfumo wa kuhakiki ulikuwepo. Kilichokosekana ni imani kwa yule aliyeshika kijiti cha kupimia puani, na hilo halitibiki kwa kuandika msimbo.

Niwape na kisa changu kidogo. Mwaka 2021 nilisafiri nchi jirani kumtengenezea mteja mfumo wa malipo. Kiwanja cha huko sitakitaja. Tulikuwa na foleni mbili, yetu na ya daraja la biashara. Kwetu bastola ilikuwa inalia, kwao kulikuwa na dada mwenye tabasamu anayewapungia mkono wapite. Nikajaza fomu ya karatasi: jina, kiti, nambari ya simu. Nikiwa hotelini nikagundua nimeruka tarakimu moja. Nambari yangu ilikuwa na tarakimu tisa badala ya kumi! Hakuna aliyeona, na kwa siku zote nilizokaa kule hakuna aliyenitafuta. Kama kwenye ile ndege kungekuwa na mgonjwa kiti cha pembeni, wangenipataje? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kuhakiki idadi ya tarakimu kabla ya kupokea fomu.

Sisemi mpakani pasiwe na mtu. Mwisho wa Julai 2024, mgonjwa wa kwanza wa mpox kutangazwa hapa Kenya aligunduliwa mpakani Taita Taveta, akiwa njiani kutoka Uganda kwenda Rwanda. Lakini mpox huonekana kwenye ngozi, na aliyeiona alikuwa mhudumu wa afya mwenye macho na mafunzo. Hata Singapore, wanaopenda biashara kuliko wote, mwaka 2021 waliwajengea wafanyabiashara wageni vyumba vya mkutano vyenye kioo kisichopitisha hewa, mgeni upande huu, mwenyeji upande ule, na vipimo juu yake. Ni gharama, inachekesha kidogo, lakini angalau aliyeibuni alianza na swali la jinsi ugonjwa unavyosambaa.

Kwa hiyo nilimwandikia mzee barua pepe. Nikamwambia, kama anataka kutumia pesa yake, nitamwandikia kwa nusu ya bei mfumo wa aina nyingine: fomu inayotuma ujumbe mfupi papo hapo kuhakikisha nambari ni yako, inayojua nani alikaa kiti gani, na inayomwamsha mhudumu wa kaunti siku ya tatu na siku ya saba apige simu. Ifanye kazi kwenye simu ya kubonyeza, na foleni iwe moja. Nikaongeza kwamba maji taka ya vyoo vya ndege pia yanaweza kupimwa, kama Wamarekani walivyoanza kufanya JFK mwaka 2022, na hapo humsumbui abiria hata mmoja.

Amejibu jana usiku. Anasema mawazo ni mazuri, ila atauzaje kitu ambacho hakina kamera.